Mikono ya Matroni

Matroni wetu hakuwa mtu wa kusalimiana kwa mkono. Siku niliyoingia bwenini, katika shule yetu ya wasichana mjini Kajiado, nilimnyooshea mkono kama nilivyofunzwa nyumbani Kitengela. Aliutazama huo mkono mpaka nikaanza kujiuliza kama nimesahau kunawa. Kisha akasema, "Hiyo rudisha. Lete kichwa."

Sikuelewa. Msichana aliyekuwa nyuma yangu akaniinamisha shingo kwa kidole. Kiganja kikatua utosini, kizito, kikavu, chenye joto.

"Takwenya," Matroni akasema.

"Sema iko," yule msichana akaninong'oneza.

"Iko," nikasema, bila kujua nimeitikia salamu ya Kimaasai, na kuanzia hapo nikahesabika kuwa mtu wa bweni.

Msichana huyo alikuwa Nashipae. Jioni ndipo wengine waliponiambia kwamba Matroni ni mama yake mzazi. Yeye mwenyewe hakuwa ametaja.

Kwa Wamaasai mtoto humsalimu mkubwa kwa kuinamisha kichwa, na mkubwa humgusa utosini. Hilo kila mtu Kajiado analijua. Matroni wetu alilifanya kuwa sheria ya bweni zima, Mmaasai na asiye Mmaasai, mtoto wa tajiri wa duka na mtoto wa mchungaji wa kanisa. Kila asubuhi kabla ya uji tulipita mlangoni mmoja mmoja, vichwa chini, naye akatugusa kwa mkono mmoja. Aliyelia usiku alishikwa kidogo zaidi. Sijui alijuaje, na sikuwahi kumuuliza, kwa sababu Matroni hakuwa mtu wa kuulizwa.

Mama yangu aliposikia habari hizo alishtuka. "Anawagusa kichwa kila siku? Huyo ni wa kanisa gani?" Siku ya wazazi alikuja amefunga kitambaa chake cha ibada, tayari kwa vita. Matroni akamwendea na kumwangalia tu, na mama yangu, mwanamke wa ushirika wa kanisa aliyewatia adabu mafundi wote wa Kitengela, akajikuta ameinama. Njiani kurudi nyumbani alimwambia baba kwamba alikuwa anatafuta kifungo kilichoanguka.

Matroni alivaa koti jeupe la kazi ambalo weupe wake uliisha zamani, na miguuni akala, viatu vya tairi. Shanga zake alizificha ndani ya kola. Majina yetu hakuyatumia. Alituita kwa mahali tulikotoka, kana kwamba kila mmoja amekuja na mji wake mgongoni. Mimi nilikuwa Kitengela. Mwende, ambaye wazazi wake walilima nyanya na vitunguu huko karibu na Loitokitok, alikuwa Illasit. Kulikuwa na Nkoroi mmoja mnene aliyekoroma. Binti yake, ambaye hakutoka popote kwa sababu nyumba yao ilikuwa nyuma ya bweni, alimwita Wewe.

Alikuwa mkali kuhusu maji kuliko kuhusu dhambi. Wakati wa kiangazi, lori la maji lilipochelewa, yeye ndiye aliyeshika ufunguo wa tangi, na yeye ndiye aliyeoga mwisho, kwa yale yaliyobaki. "Maji haina tajiri," alikuwa akisema. "Iko na laini tu," yaani foleni. Ukinawa miguu, maji hayo yanakwenda kwenye mti. Ukiyamwaga chini, utakula ukiwa umesimama. Lakini kanisani, ambako alitusindikiza kila Jumapili, aliimba kwa sauti kubwa kuliko kwaya, kisha mahubiri yakianza akalala fofofo. Mwende alipothubutu kumwuliza, alijibu, "Mungu ananijua. Hiyo ingine ni ya pasta."

Alichukia uongo. Msichana aliyedanganya kuhusu sabuni ya mwenziwe alifua shuka za bweni zima. Hata hivyo uongo mkubwa kuliko wote niliowahi kuushuhudia ulikuwa wake. Baba mdogo wa msichana mmoja alikuja kumchukua katikati ya muhula, akisema bibi yake anaumwa, na sote tulijua kuna mzee amekwisha kupeleka ng'ombe wa mahari. Matroni alimsikiliza kwa heshima zote pale getini. Akamwambia kuna tetekuwanga bwenini, angoje alete mtoto amwone. Akaingia, akafungua chupa ya ile dawa ya zambarau ya vidonda, akatupaka madoa usoni kila aliyekuwa karibu, na yule msichana kuliko wote. Tulitoka tumepangana, tuna madoadoa kama ndege kanga. Yule bwana hakusogea hata hatua moja. Aliondoka akisema atarudi tukipona, na Matroni akamjibu kwamba ugonjwa huu unachukua mpaka mtihani wa kidato cha nne. Madoa yalikaa usoni wiki nzima. Tulipomcheka akatukemea, "Mnacheka nini? Uongo ni mbaya," na hakutania.

Kuhusu kuzungushia nyumba ua pia hakuwa na msimamo mmoja, au labda alikuwa nao na sisi hatukuuona. Miaka yote alisema ua ni wa watu wanaoogopa ng'ombe. Alipostaafu akaenda kukaa Kisaju, katika kipande cha ardhi cha familia yake kando ya barabara ya Namanga, na pande zote watu wakawa wanakata ploti na kusimamisha mawe ya mipaka. Yeye ndiye aliyejenga ukuta wa kwanza, mrefu, wenye chupa zilizovunjwa juu. Nilipomkumbusha maneno yake aliniangalia kwa huruma. "Hii si ya ng'ombe, Kitengela. Hii ni ya mabroka ya ploti. Baba yako pia." Ni kweli baba alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi, na ploti aliuza pia.

Sasa nije kwa Nashipae, kwa sababu bila Nashipae picha hii ya Matroni ni koti tu na akala.

Alimlea mbele yetu kana kwamba si wake. Asubuhi Nashipae alipanga foleni kama sisi, akaguswa kama sisi, wala si zaidi. Siku ya wazazi, mama zetu walipotandaza leso kwenye nyasi na kufungua vyakula, mama yake alikuwa getini akiwaonyesha wageni mahali pa kukaa, na Nashipae alibaki kitandani akisoma kitabu alichokwisha kukisoma. Mwende na mimi tulimletea kuku. Wageni walipoisha, Matroni aliingia na chupa ya chai, akaiweka karibu na kitanda cha binti yake, akatoka. Nilikuwa mtoto na nilimwona mkatili. Nashipae alikunywa ile chai yote, na hakuwahi kumgawia mtu.

Na kulikuwa na siku ya kufunga shule. Siku hiyo Matroni hakutumia mkono mmoja. Alisimama getini, na kila msichana alipofika na sanduku lake akamshika kichwa kwa mikono yote miwili, akakibana kidogo, akasema, "Haya, nimekuacha." Ukishasikia hayo, basi. Mwende aliwahi kukumbuka viatu vyake chini ya kitanda baada ya kushikwa, na Matroni hakumruhusu kurudi ndani. "Nimeshakuacha. Nenda." Alifika Illasit na slipa. Wamaasai niliowauliza baadaye waliniambia hayo ya mikono miwili na maneno yake si mila ya mtu yeyote, ni yake mwenyewe. Wazee wao hubariki kwa namna zao, na anayesafiri bila baraka ya mzazi huonekana amebeba kitu kibaya. Hilo ni la wote. Mikono miwili ilikuwa ya Matroni.

Nashipae hakuwahi kuipata, kwa kuwa hakuwahi kwenda popote. Sisi tulipofunga shule, yeye alivuka uwanja tu akaingia nyumbani kwao.

Kisha, mama yake akiwa amekwisha kustaafu, akapata kazi Ghuba, huko Uarabuni, katika jiko la hoteli. Mimi nilikuwapo siku aliyoondoka, nikiwa na pikapu ya baba ya kumpeleka uwanja wa ndege. Majirani wa Kisaju walikuwa wamekuja, mzee mmoja akamwombea, akina mama wakaimba kidogo. Mwisho Nashipae akamwendea mama yake, akaweka begi chini, akainama. Alingoja. Sote tulingoja. Matroni alikuwa ameiingiza mikono yake ndani ya shuka aliyojitanda, na hakuitoa.

"Mama," Nashipae akasema. Ndiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kumsikia akimwita hivyo.

"Gari itakuacha," Matroni akasema, akageuka, akaingia ndani.

Nashipae alipanda pikapu, akapakata begi lake. Mpaka tunapita Kitengela mimi niliongea ovyo, kuhusu vumbi, kuhusu malori ya simiti, kuhusu lolote. Huko nyuma majirani walikwisha kuamua: mama amemnyima mtoto mkono, kwa hiyo amemlaani. Hata mimi, Mkikuyu wa duka, niliamini.

Miaka ikapita. Mwende naye akaenda Ghuba, kulea watoto wa familia moja. Mimi nikafuata, nikiwa muuguzi. Tulikuwa nchi moja na miji tofauti, na siku zetu za mapumziko hazikupatana hata kidogo. Tulisalimiana kwa simu tu, mpaka mwaka jana tulipopata Ijumaa na Jumamosi, ambazo kule ndizo siku za mapumziko, sote watatu. Tulikutana chumbani kwa Nashipae. Mwende alileta unga wa mahindi aliousaka mji mzima. Sukuma haikupatikana, tukapika mchicha na kujifanya hatuoni tofauti. Tulikula kwa mikono, tukiwa tumekaa sakafuni, na kwa mara ya kwanza tangu niende huko nilishiba.

Kama ilivyo kwa watu waliosoma pamoja, tulirudi bwenini kwa maneno mara moja. Tulibishana ni nani alipendwa na Matroni zaidi. Mwende alijifunga shuka ya kitanda kuwa koti, akasimama mlangoni akatuita kwa sauti nzito, "Kitengela! Umemwaga maji wapi?" Nilicheka mpaka machozi. Nashipae alicheka pia, kisha akaacha, akaanza kukusanya sahani.

"Wameniambia niongeze mkataba," akasema akiwa ametugeuzia mgongo. "Nitaongeza. Ni mrefu."

"Na nyumbani utaenda lini?" nikauliza. "Si kila likizo unabaki huku?"

"Nyumbani nitaenda kufanya nini, na mama alinilaani?"

"Wee, hizo ni za shetani," Mwende akasema. "Omba tu."

"Illasit, wacha. Unajua nini juu ya mkono wa mama?" Akakunja shati akatuonyesha mkono wake ulioungua kwa mafuta jikoni, kutoka kiwiko mpaka karibu na bega. Akasema kuhusu mwanamume aliyekuwa amuoe, aliyeondoka bila kuaga. Akasema kuhusu mimba ambayo hatukujua iliwahi kuwapo. "Nikimpigia simu anachukua, anasema tumeamka salama, anampatia jirani. Nimechoka, aki. Kitengela, wewe unaenda likizo. Mpelekee kichwa yako mahali pa yangu. Aseme tu yale maneno. Akisema, nitakaa huku na roho safi, hata nisirudi."

Nilikubali. Ungeniona jinsi nilivyokubali upesi. Mtu anapolia mbele yako unakubali kwanza, kufikiri kunakuja baadaye. Tulilala wote watatu kwenye godoro moja kama zamani, na Jumamosi jioni tukaagana kwenye kituo cha basi tukiwa na macho mekundu na vyakula vya kubeba.

Nilikwenda Kisaju siku chache baada ya kufika nyumbani. Ukuta ulikuwa palepale, ila pande zote sasa ni nyumba za ghorofa, na Matroni alikuwa amekaa uani kwenye kiti cha plastiki, miguu imevimba, imenyooshwa juu ya debe lililopinduliwa. Akala zilikuwa kando, hazingemwingia tena. Koti lilikuwa halipo na shanga zilikuwa nje, shingoni, mahali pake. Nilimwona mdogo. Iliniuma kumwona mdogo.

"Kitengela," akasema kabla sijafika karibu. "Umenenepa. Huko mnakula nini?"

Nilikwenda nikainama, akanigusa kwa mkono mmoja, tukasalimiana kwa Kimaasai changu cha kubahatisha. Kisha nikamweleza yote. Nilimweleza mkono ulioungua, mwanamume, mimba, mkataba. Nikamwambia binti yake anaamini amelaaniwa na anaomba nipokee baraka kwa niaba yake.  Upande wa pili wa ukuta mafundi walikuwa wakigonga mabati, naye aliwangojea wanyamaze.

"Anasema nilimlaani?"

"Ndiyo, Matroni. Na watu wote wanasema."

"Watu." Alitazama miguu yake. "Wewe unajua mikono yangu miwili. Nikikushika nayo nimekwambia nini?"

"Kwamba umetuacha tuende."

"Nyinyi mlikuwa watoto ya watu. Niliwashika, nikawaacha, mkaenda kwa mama zenu. Huyo ni yangu. Ningemwacha aende kwa nani?" Sauti yake haikubadilika, lakini alijipangusa uso kwa ncha ya shuka, akajipangusa tena. "Sikumlaani. Nilishindwa. Mikono ilikataa kutoka. Nikasema, kama sijamwacha, atarudi. Nimengoja. Simu akipiga nasikia sauti yake nashindwa kuongea, napea jirani."

Nililia, sioni haya kusema. Miaka yote hiyo mmoja alibeba laana isiyokuwapo, na mwingine alikuwa akimngoja nyuma ya ukuta wenye chupa, na hakuna aliyewahi kumwambia mwenziwe.

"Lakini mimi sasa ni mzee," Matroni akaendelea. "Miguu ndiyo hii. Kama mkono wangu ndiyo inamtesa huko, basi. Njoo hapa. Inama. Nitamwacha kupitia kwa kichwa yako, akae huko na amani. Na mimi niache kungoja."

Akaitoa mikono yote miwili kwenye shuka, akainyoosha.

Tangu nilipokuwa msichana sikuwahi kuitiwa kichwa na mwanamke huyu nikakataa. Shingo yangu ilianza kuinama yenyewe. Nashipae alikuwa ameomba hivi hasa, na mimi nilikuwa nimeahidi. Ningeinama, ningerudi na maneno aliyoyataka, angetia sahihi mkataba wake akiwa na furaha, na hawa wawili wasingeonana tena duniani.

Nikasimama wima.

"Hapana, Matroni."

"Umesema?"

"Sitaki. Hiyo si yangu, siwezi kuibeba. Akitaka, aje aichukue mwenyewe."

Mikono yake ilibaki hewani. Nilidhani atanikemea, na ningeona heri anikemee. Aliirudisha mapajani polepole, moja kisha nyingine.

"Ulikuwa na adabu," akasema.

"Nilikuwa nayo."

Nilitoka nje ya geti nikampigia Nashipae, kwa kuwa nilijua nikingoja nitaogopa. Aliuliza jambo moja tu: "Alikupatia?"

"Alitaka kunipatia. Nimekataa."

"Kitengela! Kwa nini unifanyie hivyo?"

Nikamwambia. Nilimrudishia maneno ya mama yake kama yalivyotoka, na Kiswahili chake kilichopinda, bila kunyoosha kitu. Upande ule kulikuwa na kelele za jiko, sufuria na watu wakiitana. Halafu zikapungua, nadhani alitoka nje.  

"Miguu yake iko aje?" akauliza hatimaye.

"Mibaya."

"Anatembea?"

"Kidogo. Nashipae, sitakudanganya. Usichukue muda."

"Jumapili nitaongea na bosi. Nitamwambia mkataba ingoje, mimi naenda nyumbani. Akikataa, nakuja hivyo hivyo."

Sijui kama ingekuwa rahisi hivyo. Huko tunakofanya kazi mtu haamki tu akaenda, na yeye alilijua hilo kuliko mimi. Lakini nilirudi uani nikamwambia Matroni kama alivyosema, kwamba anakuja.

 Wale mafundi wakashuka kutoka kwenye mabati kwenda kula. Kisha Matroni akashusha miguu yake kutoka kwenye debe, mmoja mmoja, akatafuta fimbo yake na kujiinua kwenye kiti, na nilipomsogelea nimsaidie alinipiga mkono.

"Usisimame hapo kama mgeni," akasema. "Ufagio iko nyuma ya mlango. Kile chumba cha upande ya pili kina vumbi."

Nilifagia chumba ambacho kilikuwa kimefungwa tangu Nashipae aondoke, nikatoa utando wa buibui pembeni, nikakung'uta godoro dirishani. Matroni alisimama mlangoni, ameegemea fimbo yake, akinionyesha mahali nilipobakisha.